"Mtandao wenu haufanyi kazi": kutafuta kiini cha tatizo la mtafiti mgeni

Mtafiti aliyekuja kwa wiki tatu akishindwa kuingia kwenye mifumo kwa siku nne, karibu sehemu moja ya tano ya safari yake imekwenda bure. Tikiti imelipwa, mwenyeji amepanga ratiba, muda wa kutumia mtambo umetengwa, naye amekaa anatazama duara linalozunguka kwenye skrini. Ndiyo maana mimi niliyeko kwenye dawati la msaada wa kompyuta la kituo cha utafiti sipendi kumwambia mgeni arudi kesho.

Lalamiko la kwanza karibu kila mara ni lilelile: "Mtandao wenu haufanyi kazi." Ndani ya maneno hayo manne mna matatizo mengi yasiyohusiana hata kidogo, na mara nyingi mtandao wenyewe ni mzima. Swali linalonisaidia kuliko mengine ni hili: kilichokwama ni mali ya nani? Laptopu ni ya mgeni, au ya mwajiri wake. Jina la mtumiaji na nenosiri vimetolewa na chuo chake. Mawimbi ya Wi-Fi ni ya kituo. Akaunti ya klasta, yaani kundi la kompyuta zenye nguvu za kukokotoa kwa pamoja, ni ya kituo pia, lakini ilifunguliwa kwa fomu aliyoijaza mwenyeji. Mgeni anafanya kazi katikati ya taasisi mbili, na hitilafu yake kwa kawaida iko pale zinapogusana. Ukishajua iko upande gani, umejua wa kumpigia simu.

Kabla sijagusa mashine huuliza mambo matatu. Kitu hiki kilifanya kazi mara ya mwisho lini, na ukiwa wapi? Ujumbe uliotokea unasema nini neno kwa neno? (Piga picha ya skrini. Ukinisimulia utaacha lile neno moja ninalolihitaji.) Na simu yako, ikiwa hapohapo kando ya laptopu, inapata mtandao huohuo? Simu ikipata na laptopu ikakosa, tunaacha kuzungumza habari za kituo na kuanza kuikagua laptopu.

Imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka

Anza na anwani ya IP, namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Kwenye Windows amri ni ipconfig, kwenye Linux ni ip addr, na kwenye Mac utaiona ndani ya mipangilio ya mtandao. Ikianza na 169.254, mashine haikupewa anwani na seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, ikajipa yenyewe. Hapo sababu ni mojawapo ya mbili. Huenda anwani za mtandao wa wageni zimekwisha, jambo linalotokea siku ya warsha, watu mia moja wanapoingia kila mmoja na laptopu, simu na tableti. Hilo ni letu, tuambie mara moja. Au mawimbi ni dhaifu kiasi kwamba ombi linapotea njiani. Sogea karibu na kituo cha mawimbi, jaribu tena.

Ikiwa anwani haifanani kabisa na ya jirani yako, tatizo ni tofauti. Laptopu nyingi za maabara zimewekewa anwani ya kudumu ili zizungumze na darubini au kipimo fulani kule nyumbani. Zikifika hapa zinang'ang'ania anwani ambayo huku haina maana. Rudisha mpangilio uwe wa kupokea anwani moja kwa moja, na kabla ya kufuta ile ya zamani iandike mahali, maana utaihitaji ukirudi.

Anwani ikiwa sawa na bado kurasa hazifunguki, shuku ukurasa wa kuingilia, ule unaomtaka mgeni akubali masharti kwanza. Ukurasa huo hujitokeza kwa kudaka ombi lako la kwanza na kulielekeza kwingine. Ombi likiwa limefungwa kwa https, kivinjari hukataa kuelekezwa, na hufanya vyema kukataa, kwa kuwa hivyo ndivyo mwizi angefanya. Basi andika kwa mkono anwani inayoanza na http:// tupu, mfano http://neverssl.com, na ukurasa utajitokeza.

Usipojitokeza, angalia kama umeweka seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ya kwako, kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Wengi waliiweka miaka iliyopita wakasahau. Mtandao wa wageni unapokuwa bado haujakukubali huenda unaruhusu DNS yake pekee, hivyo swali lako halifiki popote. Hali ni hiyohiyo kwa VPN, njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa taasisi, inayojiwasha yenyewe: inasubiri intaneti ndipo iunganike, na wakati huohuo inazuia kila kitu kisichopita ndani yake, ukiwemo ukurasa ambao ungekupa hiyo intaneti. Izime, ingia, kisha iwashe. Kama laptopu ni ya mwajiri na imefungwa usiweze kuizima VPN, usipoteze asubuhi nzima ukipambana nayo. Omba kebo au mtandao usio na ukurasa wa kuingilia, na kituo makini huwa na njia hiyo.

Ipo na dalili ya kila siku: jana ulikubali masharti, leo unaulizwa tena kana kwamba hujawahi kufika. Mtandao hukutambua kwa anwani ya MAC ya kifaa, yaani namba ya kadi yake ya mtandao, na vifaa vya siku hizi huificha kwa kutumia ya kubuni. Android 10 iliyotoka mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilifanya hivyo kuwa kawaida, na Windows ina mpangilio wa kuibadilisha kila siku. Ni kinga nzuri ya faragha, nami nisingependa uizime kila mahali. Izime kwa mtandao wa kituo peke yake, na uache kuusahaulisha mtandao huo kwenye simu kila unapokwama, kwa kuwa unaporudi unaweza kuonekana mtu mpya.

eduroam inakataa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wageni huteseka bila sababu, na ndipo dawati letu hulaumiwa kwa jambo tusiloweza kulifikia.

Wazo la eduroam lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, Uholanzi: mtu wa chuo kimoja aingie kwenye Wi-Fi ya chuo kingine kwa jina na nenosiri la nyumbani kwake. Jinsi linavyotekelezwa ndiyo ufunguo wa kutatua kila hitilafu. Unapobonyeza jina la mtandao, ombi lako linatoka kwenye kituo cha mawimbi kilicho juu ya kichwa chako, linaingia seva yetu ya RADIUS, inayoshughulikia maombi ya kuingia, linapelekwa seva ya taifa, na kupitia huko linafika chuo chako. Chuo chako ndicho kinachosema ndiyo au hapana. Sisi hatulioni nenosiri lako wala hatuwezi kulibadilisha. Tunapokea jibu tu.

Kosa la kwanza kwa wingi ni jina lisilo na @. Nyumbani uliandika jina tupu na likakubaliwa, kwa kuwa seva ilidhani kila aliye pale ni wake. Ukiwa ugenini, sehemu inayofuata @ ndiyo anwani ya barua. Bila hiyo ombi halijui liende wapi, linafia mlangoni kwetu. Hata herufi moja iliyokosewa baada ya @ hutosha, na hata nafasi iliyoachwa mwishoni na kibodi ya simu inayopenda kukamilisha maneno.

Kosa la pili ni la hatari. Skrini inauliza kama unakiamini cheti fulani, na mgeni mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Cheti hicho kinapaswa kuwa cha taasisi yako, si cha kituo ulichotembelea, kwa sababu ni seva yako inayojitambulisha kwako. Jina likiwa geni, simama. Yeyote anaweza kuwasha kituo cha mawimbi akakiita eduroam na kungoja manenosiri ya watu. Njia salama ni kutumia kisakinishi ambacho taasisi yako imekiandaa, kupitia programu ya geteduroam au ukurasa wa eduroam CAT, kinachoweka cheti na mipangilio yote kwa usahihi. Kifanye kabla ya kusafiri. Ukiwa umeshafika, kipakue kwa mtandao wa wageni au bando la simu, futa mpangilio wa zamani, sakinisha upya.

Sababu nyingine hazionekani kwenye kifaa. Nenosiri lilibadilishwa wiki iliyopita na laptopu bado inatuma la zamani. Mkataba wako kule umekwisha na akaunti ikazimwa ukiwa safarini. Wanaomaliza shahada hukutana na hili sana. Au seva ya nyumbani imelala.

Kutofautisha pande mbili si kazi ngumu. Mgeni wa taasisi nyingine akiingia bila shida palepale ulipoketi, upande wetu ni mzima. Wawili wa taasisi moja wakikataliwa kwa pamoja, chunguza seva yao. Na ukituletea saa kamili uliyojaribu, tutafungua rekodi za seva tuone mojawapo ya mambo matatu: ombi halikutufikia, ombi lilikwenda na jibu halikurudi, au jibu lilirudi likiwa la kukataa. La kwanza ni kifaa au mawimbi, la pili ni njia au seva ya kwenu, la tatu ni nenosiri au akaunti. Kwa hiyo "nilijaribu saa 4:12 asubuhi kwa jina hili" ina thamani kubwa kuliko "nimejaribu tangu jana".

Nenosiri ni sahihi na bado linakataliwa

Kwenye kompyuta za kituo, angalia kwanza kibodi. Kibodi ya AZERTY inataka Shift ili kupata tarakimu, na ya QWERTZ imebadilishana Y na Z. Nenosiri huonekana vitone tu, hivyo huwezi kugundua. Kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji andika alama chache zinazopatikana katika nenosiri lako, kama @, z, y na 1, uone zinatokea zipi, kisha zifute. Usiandike nenosiri lenyewe hapo.

Ikiwa nenosiri linapita na msimbo wa hatua ya pili ndio unaokataliwa, tazama saa ya simu. Misimbo ya programu hizo hukokotolewa kutokana na muda na hubadilika kila sekunde 30. Wapo wasafiri ambao wakishuka kwenye ndege hawabadilishi ukanda wa saa, wanasogeza mishale ya saa kwa mkono. Uso wa saa unalingana na saa ya ukutani, lakini ndani simu inaamini kwamba saa ya dunia imesogea kwa saa kadhaa, na kila msimbo unaotoka ni batili. Rudisha saa ijipange yenyewe na tatizo linaisha papo hapo. Laptopu nayo ikikosea saa huleta vituko vyake: vyeti vya tovuti huonekana vimepitwa na wakati au havijaanza kutumika, na mifumo inayotumia Kerberos (utaratibu wa kuthibitisha watumiaji) kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5.

Msimbo ukija kwa ujumbe mfupi, laini yako ya nyumbani iko wapi? Wengi wameitoa kwenye simu wakaweka ya huku. Misimbo ya akiba iliyochapwa kabla ya safari ndiyo dawa. Bila hiyo, ni dawati la nyumbani pekee linaloweza kukufungulia, na huenda huko ni usiku wa manane.

Akaunti inayofungwa tena kila baada ya kufunguliwa ina mchawi mmoja: kifaa kilichosahaulika. Simu mfukoni inaendelea kutuma nenosiri la zamani kwenye barua pepe, inakosea mara kadhaa, mfumo unafunga. Weka simu katika hali ya ndegeni kwanza, fungua akaunti, ndipo uwashe kifaa kimoja kimoja.

Na akaunti ambayo haijawahi kufanya kazi hata mara moja, usiihangaikie kwa kubahatisha. Muulize mwenyeji wako kama ombi limeidhinishwa, na tarehe ya kuanza iliyoandikwa ni ipi. Ukifika Ijumaa na fomu inasema Jumatatu, mfumo unakusubiri Jumatatu.

Klasta haifikiki

Ujumbe wa ssh, programu ya kuingia kwenye mashine ya mbali, huwatisha watu, ilhali ni mwaminifu sana. "Connection timed out" maana yake ulibisha na hakuna aliyejibu: kwa kawaida fayawoli, kizuizi cha usalama wa mtandao, imeyatupa maombi yako kwa sababu uko kwenye mtandao wa wageni. Pita kwenye VPN ya kituo au seva ya lango uliyoelekezwa. "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine, ila mlango huo hauna mtu: jina la mashine au namba ya mlango imekosewa (wa kawaida ni 22), au huduma imezimwa kwa matengenezo. "Permission denied" maana yake umefika, umesikilizwa, hukutambuliwa. Hapo angalia jina la mtumiaji, maana ssh ikiwa haikuambiwa hutumia jina la mtumiaji la kwenye laptopu yako. Kisha angalia kama ufunguo wa umma uliotupatia ni jozi ya ule wa siri ulio nao.

Ufunguo wa siri uliobebwa kwa flashi hupoteza ruhusa zake, kwa kuwa mfumo wa FAT hauzihifadhi. ssh inaona faili inasomeka na kila mtu, inaukataa. Chapa chmod 600 kwenye faili hiyo baada ya kuinakili ndani ya laptopu, kisha ufute nakala iliyo kwenye flashi. Lile onyo refu kwamba utambulisho wa seva umebadilika ni jambo jingine. Mafunzo mengi yanakufundisha kufuta mstari kwenye known_hosts, faili inayokumbuka funguo za seva, na kuendelea. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kutuuliza. Kama tulibadilisha seva tutakupa alama ya ufunguo mpya ulinganishe. Kama hatukubadilisha, umetusaidia kugundua jambo zito.

Kazi iliyokwama kwenye foleni ya Slurm, programu inayopanga kazi za klasta, inaeleza sababu yake kwenye safu ya mwisho ya amri ya squeue. Resources na Priority ni kungoja zamu. PartitionTimeLimit ni kwamba umeomba muda unaozidi kikomo cha kundi hilo la mashine, na ukikaa kimya itabaki hapo mpaka urudi kwenu. Wageni huja na skripti ya nyumbani inayoomba siku saba mahali ambapo kikomo ni mbili. Hata pasipo kikomo, omba muda unaokaribia ukweli: kazi fupi hupenyezwa kwenye nafasi zilizobaki kati ya kazi kubwa.

Kazi ikifa ghafla na namba 137, hesabu ni 128 jumlisha 9, yaani iliuawa kwa ishara namba 9. Mara nyingi imekula kumbukumbu kuliko ilizoomba. Tumia amri ya sacct kutazama MaxRSS, kilele cha kumbukumbu iliyotumika, ongeza kiasi kidogo juu ya hapo, itume tena. Ikifia kwenye mashine ya kuingilia, huenda ni sisi tuliyoizuia, kwa sababu mashine hiyo hutumiwa na wote.

"Disk quota exceeded" huja hata amri ya df inapoonyesha nafasi tele, kwa kuwa df inasoma diski nzima nawe una mgao wako. Na mgao una pande mbili, ukubwa na idadi ya faili. Mazingira machache ya conda (kisakinishi cha programu za kisayansi) yanaweza kubeba mamia ya maelfu ya faili ndogondogo. Yahamishie kwenye eneo la muda, na uulize husafishwa baada ya siku ngapi. Nimemwona binti wa uzamivu akilia mbele yangu kwa matokeo ya mwezi mzima yaliyofutwa na usafishaji uliotangazwa kwenye barua pepe ya ndani ambayo yeye, kama mgeni, hakuipata. Tangu siku hiyo kila mgeni ninamwambia kwa mdomo.

Projekta, printa, majarida

Kebo ya USB-C inaingia, picha haitoki: si kila tundu la USB-C hubeba video. Tafuta alama ya DisplayPort au Thunderbolt kando ya tundu, jaribu tundu la pili, au azima laptopu yetu na ulete faili ya PDF. Jaribu siku moja kabla ya wasilisho.

Printa inayowaka taa na kukaa kimya, hasa kwa wageni kutoka Marekani, inasubiri karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, wakati trei ina A4, 210 kwa 297. Futa kazi hiyo, badilisha ukubwa wa ukurasa, chapa tena. Futa kweli, kwa sababu waliokufuata kwenye foleni nao wanasubiri.

Makala ya jarida ikikudai malipo, mchapishaji ameangalia anwani ya IP unakotokea. Mtandao wa wageni huenda haumo kwenye usajili wa kituo. Washa VPN ya nyumbani utumie usajili wa kwenu. Ikiwashwa na bado unadaiwa, inapitisha seva za chuo pekee na tovuti nyingine zinatoka moja kwa moja, hivyo tumia lango la maktaba yenu badala yake.

Siku ya mwisho, data haziishi kunakiliwa

Piga hesabu mapema. Terabaiti 2 kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya saa 44, hata njia ikiwa yako peke yako. Kwa gigabiti 1 ni kama saa nne na nusu. Ndege ya jioni haisubiri. Anza siku tatu kabla, tumia programu ya kunakili ya rsync pamoja na --partial ili ikikatika iendelee ilipoishia, ukiwa kwenye kebo, si Wi-Fi. Mwisho linganisha sha256sum, namba za kuhakiki faili, za pande zote mbili kabla hujafuta chochote hapa. Ukiona hazilingani kwa faili chache, nakili hizo tu, usianze upya. Ukiona muda hautoshi, njoo utuambie tuombe akaunti iongezewe wiki mbili. Kwetu ni fomu moja, na ni rahisi zaidi kuijaza ukiwa bado umesimama mbele ya dawati.